Usibishe, Alisema Nahodha

Mpaka leo sijui kama nahodha aliuona ule mtumbwi. Nalisema mapema ili mtu asisome hadi mwisho akidhani nimemfichia jibu mahali. Sijaficha kitu. Nimewauliza waliokuwepo, nimechora mchoro kwenye daftari, nimepanga ushahidi upande huu na upande ule kama nilivyofundishwa chuoni, na kila nikifika chini ya ukurasa najikuta nipo pale pale nilipoanzia.

Kwenye mashua ile nilifika kwa bahati tu. Nilikuwa nimemaliza shahada ya sosholojia, nimerudi nyumbani Pongwe, nimekaa zaidi ya mwaka nikituma maombi ya kazi ambayo hayakujibiwa. Mama yangu, ambaye huimba kwaya usharikani, alisikia kwa mwenzake kwamba kuna mama mmoja mjane kule Raskazone ana mashua ya tanga inayopeleka wageni kwenye mafungu ya mchanga na kuwarudisha, na anatafuta mtu wa kujibu meseji zao kwa Kiingereza. Nikaenda. Yule mama akanitazama kuanzia viatu, akaniuliza kama najua kuogelea. Nikasema kidogo. Akasema kidogo kinatosha, wanaojua sana ndio wanaozama. Nilitaka kumuuliza ana ushahidi gani wa hilo, nikakumbuka natafuta kazi.

Kwetu si watu wa bahari. Babu alitoka nyanda za juu kuja kukata mkonge, baba akazaliwa kambini, nami nikazaliwa Pongwe. Katika vizazi vyote vitatu bahari tuliiona siku za sikukuu, tumevaa viatu. Kwa hiyo baharia aliyekuwepo alipoacha kazi akaenda Dar es Salaam, na yule mama akaniambia, "Binti, utashika kamba mpaka nipate mtu," nilizishika kamba bila kujua ipi inaitwaje. Huyo mtu hakupatikana. Nadhani aliacha kumtafuta.

Mashua yenyewe ilikuwa ya faiba, nyeupe, yenye mlingoti mmoja na mashine ndogo ya petroli nyuma ambayo iliwaka ikipenda. Nahodha wake alikuwa mdogo wa marehemu mume wa yule mama. Alikuwa amepita sitini, mfupi, msafi kupita kiasi. Hata fulana ya kuendea baharini aliipiga pasi. Alimwita mwenye mashua shemegi, naye akamwita yeye shemegi, na walipogombana hizo shemegi ziliruka huku na huku mpaka ukashindwa kujua nani kamkosea nani.

Mimi aliniita msomi, na sidhani kama ilikuwa sifa.

Kazi aliyopaswa kunifundisha ilikuwa ya kufika: kufika gatini bila kugonga, na kufika mahali pa kutia nanga na kubaki hapo hapo. Kwenda, alisema, hata mfuko wa rambo unakwenda. Tatizo ni kwamba mafundisho yake hayakukaa sawa siku mbili mfululizo. Siku ya kwanza aliniambia amari, yaani kamba ya nanga, iachiwe mara tano ya kina cha maji. Wiki iliyofuata akasema mara saba.

"Lakini ulisema tano, Nahodha."

"Tano ilikuwa ya juzi."

"Juzi na leo vinatofautiana nini?"

"Juzi ulikuwa huulizi sana."

Nilitegemea angalau anieleze habari za upepo, au za bamvua, siku zile maji yanapojaa sana na kupwa sana, ambapo kamba iliyotosha asubuhi huwa fupi saa sita. Baadaye nilikuja kuyasoma mwenyewe na kuona kwamba siku ile ya saba ilikuwa kweli ya bamvua. Sasa, je, alijua akaona uvivu kunieleza? Au alibahatisha? Nilipomuuliza alisema, "Wewe umeshaelewa, unataka nini tena?"

Mara ya kwanza kushusha nanga niliirusha. Nilikuwa nimeona hivyo kwenye video. Alinijia amekunja uso.

"Hiyo ni nanga, mwanangu, si jiwe la kumtupia mbwa."

Kisha akanionyesha. Unaielekeza mashua kwenye upepo mpaka isimame yenyewe. Unaishusha nanga mkono kwa mkono, taratibu, mpaka uhisi imegusa chini. Hapo unaiacha mashua irudi nyuma na upepo huku ukiilegeza kamba, na mwishoni unaifunga na kungoja nanga ing'ate. Chini pawe na mchanga au tope. Kwenye matumbawe hatutii, kwa sababu nanga inanasa, na kwa sababu, alisema, matumbawe nayo yana watoto. Sikujua kama hiyo ya pili ni sayansi au utani.

Ikishang'ata, unatafuta alama mbili nchi kavu, moja nyuma ya nyingine. Zetu zilikuwa mti mmoja mrefu wa mvinje na mnara wa simu. Ukiona mnara umejificha nyuma ya mvinje, upo ulipokuwa. Ukiona umechomoza, unasogea.

"Mnara umefichwa?" angeniuliza.

"Umefichwa."

Baada ya dakika chache: "Mnara?"

"Bado umefichwa."

Nilidhani ananifanyia mtihani. Nikaona ni njia ya kizamani, nikapakua programu kwenye simu inayochora duara kuzunguka mashua na kupiga kelele mashua ikitoka nje ya duara. Siku ya kwanza tu maji yalipogeuka, mashua nayo ikageuka, na simu ikaanza kulia mbele ya wageni.

"Zima hicho kilio," nahodha akasema.

"Kinasema tumesogea."

"Tumesogea, ndiyo. Mbuzi aliyefungwa kamba naye anasogea."

"Na mbuzi aliyeng'oa kigingi?"

"Huyo utamkuta kwenye mihogo ya jirani."

Wageni walicheka. Mimi nilibaki nikiutazama ule mvinje. Lilikuwa swali la haki. Ukiwa juu ya maji, kuzunguka na kukokotwa vinafanana kabisa mpaka umechelewa.

Kisha nikaanza kuona mambo. Au niseme nikaanza kuyaweka pamoja, maana kila moja peke yake halikuwa kitu. Kahawa kutoka kwenye chupa yake ya chai ilimwagika pembeni mwa kikombe, lakini mashua huyumba. Tulipokuwa tunarudi alinipa usukani kila siku, yeye akaenda kusimama mbele na kamba. Nilimuuliza kwa nini, akasema kufika ndiko kunakofundisha. Niliyaandika maneno hayo kwenye daftari jioni ile nikayaona mazito. Baada ya wiki tatu nikayasoma tena nikayaona ni maneno ya mtu anayekwepa kitu.

Na ile ya matairi. Kwenye ukingo wa gati letu la mawe tuliweka matairi makuukuu ili mashua isikwaruzwe. Siku moja mtu alianika koti la mvua la kijani juu ya rundo la matairi ya akiba. Tulipokaribia, nahodha akainua mkono.

"Asalaam aleikum, shemegi. Umengoja sana?"

Nikacheka. Akageuka, akalitazama koti kwa muda, akacheka na yeye.

"Leo angalau hajibu," akasema.

Nani anaweza kuamua jambo kama hilo? Mwenye mashua alikuwa na koti la kijani. Nahodha naye alipenda utani juu yake.

Niliamua kumpima. Najua si adabu, lakini nilijiambia kwamba kutouliza nako ni aina ya uongo. Siku moja tumetia nanga karibu na fungu, wageni wanaogelea, akauliza, "Mnara umefichwa?" Mnara ulikuwa umechomoza wazi, upande wa kushoto wa mvinje. Nikasema, "Umefichwa." Akainuka, akaenda mbele peku, akaweka unyayo juu ya amari iliyokaza, akasimama hivyo kama mtu anayesikiliza simu mbovu. Halafu akaifungua, akaongeza kamba, akaifunga tena. Aliporudi alikunywa kahawa. Mnara haukusogea tena.

Kwa hiyo, aliuona? Au kamba ilimwambia kwa mtetemo? Na kama aliujua uongo wangu, kwa nini hakuusema? Nilikaa na aibu mchana mzima bila kuwa na uhakika kama nimeonekana.

Siku ya mtumbwi tulikuwa na wageni wawili, mume na mke, walimu kutoka Moshi. Mashine ilikataa kuwaka, ikabidi turudi kwa tanga peke yake. Upepo ulikuwa ukitoka nchi kavu, yaani kutoka kule kule tulikotaka kwenda, kwa hiyo tulikwenda kwa kupindapinda, upande huu kisha upande ule. Mbele ya gati letu, kushoto kwako ukiwa unaingia, kuna nguzo kuukuu za zege zilizobaki majini kutoka kwenye gati la zamani, na kulia kuna mawe. Ukikosea, upepo huo huo unaokuzuia kuingia ndio unaokurudisha juu ya nguzo.

Mimi nilikuwa kwenye usukani. Nahodha alikuwa mbele amesimama na kamba mkononi, mgongo kwangu. Tulikuwa tunakwenda vizuri. Hapo nikaona mtumbwi ukitokea kulia, karibu na mawe, na wanawake wawili ndani na magunia ya mwani. Ulikuwa unakuja kukata njia yetu.

"Nahodha, kuna mtumbwi kulia."

"Usibishe," akasema bila kugeuka.

"Sibishi. Nakwambia kuna mtumbwi."

"Nimesema usibishe!"

Mtu wa Pongwe akiambiwa usibishe anajua maana yake: nyamaza, wewe ni mbishi, mkubwa ameshasema. Nimeambiwa hivyo tangu darasa la kwanza. Nikanyamaza. Lakini nilichosikia mimi ni mzee akiniambia hakuna mtumbwi, wakati mtumbwi ninauona, mpaka nikauona mtandio wa zambarau wa mwanamke wa mbele. Nilisukuma usukani kwa nguvu zangu zote.

Mashua ikaelekea moja kwa moja kwenye upepo. Tanga likaanza kupigapiga kama shuka kwenye kamba ya kuanikia. Mwendo ukaisha. Nahodha akaanguka kwa magoti. Halafu taratibu, na utaratibu huo ndio uliotisha, tukaanza kurudi kinyumenyume, mpaka nyuma ya mashua ikagonga nguzo na usukani ukapasuka mkononi mwangu kwa mlio kama wa kijiti cha muhogo.

Mtumbwi ulikuwa umeshapita. Mwanamke wa mtandio alisimamisha kasia.

"We binti, unaendesha mashua au unasonga ugali?"

Tulivutwa hadi gatini. Walimu walishuka wakisema hakuna neno, hakuna neno, kwa sauti ya watu wasiotaka kurudi tena. Nahodha alikuwa amechubuka magoti yote mawili. Aliosha damu kwa maji ya chumvi, akakunja kamba zote vizuri, akaondoka kwa miguu kuelekea barabarani bila kuniangalia.

Jioni ile mwenye mashua aliniita barazani kwake. Aliniwekea chai na visheti, nikajua mambo ni mazito.

"Nieleze. Yeye alisema nini, na wewe ulifanya nini."

"Nilimwambia kuna mtumbwi. Akaniambia nisibishe."

"Ukafanya nini?"

"Nikageuza, kwa sababu nilikuwa nauona."

Akashika kichwa. "Mwanangu. Unajua kubisha ni nini?"

"Ni kupinga alichosema mtu."

"Huko kwenye mkonge. Baharini kubisha ni kugeuza. Upepo ukiwa mbele yako, unageuza tanga upande mwingine, unaenda, unageuza tena. Huko ndiko kubisha. Alikwambia usigeuze. Ukageuza."

Miezi yote ile nahodha alikuwa akiniambia "geuza". Sasa naelewa alikuwa akiniteremshia lugha, kama unavyosema polepole na mgeni. Siku ile kwa haraka neno lake mwenyewe likamtoka. Mimi nilikuwa na shahada, na nilikuwa sijui kitenzi cha Kiswahili kilichokuwa kikiniongoza kila siku.

"Basi aliuona mtumbwi," nikasema. "Alijua utatupita. Kosa ni langu."

Yule mama alikuwa anavunja kisheti vipande vidogo bila kukila.

"Au hakuuona," akasema, "akakwambia usigeuze kwa sababu alijua bado hamjafika pa kugeuzia. Au alikuwa anakwambia ufunge mdomo kama ulivyodhani. Wewe unakaa naye kutwa. Nakuuliza, na sitakuuliza mara ya pili. Shemegi anaona?"

Ningeweza kusema lolote. Nilifikiria koti la kijani, nikafikiria unyayo juu ya kamba.

"Sijui," nikasema.

"Miaka mitatu chuoni."

"Ndiyo. Sijui."

Akasema jambo ambalo nililiandika usiku huo kabla sijalala, neno kwa neno. Alisema: "Hii mashua ndiyo inayomfanya aamke. Nikimshusha, sina la kumwambia marehemu ndugu yake. Nisipomshusha akaua mtu, sina la kumwambia Mungu."

Wiki ile, fundi akitengeneza usukani, nilitafuta majibu. Niliwapata wale wanawake wa mwani wakianika magunia yao ufukweni. Niliwauliza: tungenyooka bila kugeuka, tungewagonga?

"Mngetugonga na nini?" akasema wa mtandio. "Sisi tulikuwa tunapita nyuma yenu. Nilishamwona babu pale mbele, ametulia."

"Nyuma yao wapi?" mwenzake akadakia. "Mimi nilishatoa shahada."

"Wewe hutoa shahada ukiona hata kuku anavuka."

Nikaenda Nguvumali kwa nahodha mwenyewe. Alikuwa amekaa kwenye kibaraza, magoti yana plasta. Nilimwomba radhi, akaipokea. Kisha nikamuuliza, kwa sababu nisingeweza kuondoka bila kuuliza.

"Ulimaanisha nisigeuze, au nisikubishie?"

"Yote mawili."

"Nahodha, uliuona mtumbwi?"

"Niliuona."

"Ulikuwa wa rangi gani?"

"Rangi ya mtumbwi," akasema, akaingia ndani kuniletea maji ya kunywa.

Usukani ulipokuwa tayari, mwenye mashua alisema atapanda mwenyewe asubuhi ya Jumamosi. Alikuja na mwavuli na kikapu, akakaa katikati kama mgeni. Kabla hatujatoka alinielekezea kidole.

"Leo wewe huna mdomo. Utafanya atakalokwambia, lakini sauti yako nisiisikie. Nataka kumwona shemegi."

Nahodha alisikia. Alivaa kofia yake vizuri, akashika usukani.

Kwenye fungu alitia nanga kwa namna nisiyowahi kuona. Aliijua ile sehemu kama mtu anavyojua chumba chake gizani. Mashua ilisimama pale alipotaka isimame. Alinipa ishara kwa mkono, nikashusha, tukarudi nyuma, kamba ikakaza, basi. Hakuuliza habari za mnara. Yeye mwenyewe alikwenda mbele akaweka unyayo kwenye amari, akarudi. Mwenye mashua alitazama yote, akatoa maandazi kwenye kikapu, tukala watu watatu. Nilianza kuamini kwamba nilikuwa nimemsingizia.

Tulirudi kwa tanga, kwa amri ya mwenye mashua. Upepo ulikuwa ule ule wa nchi kavu. Mimi nilikuwa mbele na kamba. Tulipita mawe ya kwanza, tukapita mahali ambapo mtumbwi ulitokea, gati likawa linakuja. Hapo unatakiwa kugeuza mara moja tu, kwa wakati wake: ukiwahi, unaishiwa mwendo na kurudi kwenye nguzo; ukichelewa, unapanda mawe.

Nyuma yangu nikasikia sauti ya nahodha, si ya juu, ya kawaida kabisa.

"Tubishe?"

Nikageuka. Alikuwa ananitazama mimi, au upande wangu. Mwenye mashua alikuwa anatazama kikapu chake. Bado tulikuwa mbali kidogo na pa kugeuzia.

"Tubishe, mwanangu?"

Nimeifikiria nukta ile kuliko kitu chochote nilichosoma. Huenda alikuwa ananifundisha, kama siku zote, na angegeuza kwa wakati wake hata ningenyamaza. Huenda alikuwa ananipa heshima mbele ya mwenye mali. Huenda alikuwa haoni gati. Nilikuwa nimeamriwa kukaa kimya, na kwa mara ya kwanza maishani nilitaka kutii. Lakini mawe yalikuwa pale, na mama wa watu amekaa katikati na mwavuli, na nahodha akingoja.

"Bado," nikasema.

Akashikilia.

"Bado... Sasa."

Akageuza. Mashua ikazunguka, tanga likajaa upande wa pili, mwendo ukapungua taratibu, ubavu ukagusa tairi bila hata kulikandamiza. Nikaruka na kamba nikafunga, nikiacha nafasi ya maji kupwa. Sijawahi kufika gatini vizuri namna ile, kabla ya hapo wala baadaye.

Mwenye mashua alishuka bila kushikwa mkono. Alikunja mwavuli.

"Nimesikia nilichotaka kusikia," akasema. Alikuwa anazungumza na shemegi yake, si na mimi. "Hutachukua wageni mpaka daktari aniandikie."

Nahodha alivua kofia, akaivaa tena. Nilimwamkia wakati anapita, sijui kwa nini, tulikuwa tumeshaamkiana asubuhi. Shikamoo yangu ilibaki hewani.

Siku kumi hakuonekana. Mashua ilikaa kwenye nanga. Nilikwenda kila asubuhi kuikagua kamba, na nilijikuta, bila kukusudia, navua viatu na kuweka unyayo juu yake. Sikuhisi kitu. Nyumbani mama aliniuliza mbona sili, nikamwambia nilisema neno moja. Akauliza lilikuwa tusi? Nikasema hapana, nilisema bado. Akaniangalia, akaniongezea mboga.

Kisha mwenye mashua akapiga simu. Shemegi amekubali kwenda hospitali, lakini kwa sharti: aende na yule mbishi. "Amesema daktari atamdanganya, na wewe ndiye mtu pekee anayemjua ambaye hataacha kuuliza."

Tulikwenda kwa bajaji. Daktari alikuwa mwanamke kijana, pengine rika langu. Alimwangalia kwa taa, akamfunika jicho hili, akamfunika lile, akamwonyesha herufi, kisha vidole. Jicho la kushoto, alisema, lina mtoto wa jicho. Linaweza kupasuliwa, na huenda likaona vizuri. La kulia limekufa.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Siwezi kusema kwa hakika. Miaka. Si mwaka mmoja wala miwili."

"Akipasuliwa la kushoto, ataweza kuongoza mashua?"

"Ataona. Kama ataona vya kutosha kwa kazi hiyo, tutajua baadaye."

"Baadaye lini?"

"Dada, tutajua baadaye."

Niliuliza mpaka akaanza kutazama saa. Nahodha alikaa mikono juu ya mapaja, shati lake limepigwa pasi. Hakuonekana kushangaa hata kidogo. Mimi ndiye niliyekuwa nahesabu. Mtumbwi ulitokea kulia. Kwa hiyo hakuuona. Isipokuwa kama aligeuza shingo, na mimi nilikuwa nyuma yake nikitazama mtumbwi, sikumtazama yeye. Au aliwasikia wale wanawake, maana hawakunyamaza hata siku moja. Na miaka yote ile kabla yangu, na baharia yule aliyekwenda Dar, nani alikuwa anamwambia bado?

Karibu nimuulize. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

Tulipotoka, jua la nje lilikuwa kali, na mbele ya mlango kulikuwa na ngazi za saruji zinazoteremka mpaka kwenye bajaji. Akasimama juu kabisa ya ngazi hizo. Akanyoosha mkono, akautafuta mkanda wa mkoba wangu begani, akaushika.

"Ngapi?" akauliza.

Nikazihesabu mara mbili kabla sijamjibu.